Safari ya Nyeri: Yanakoanzia Maji ya Tana

Mjomba wangu wa Ozi, karibu na Kipini, ana desturi ya kuyaonja maji ya mto kila asubuhi kabla hajasema na mtu. Huchota kwa kiganja, huyagusa kwa ulimi, kisha hutema. Yakiwa matamu, humwita mwanawe wakafungue mfereji. Huko mpunga hunyweshwa kwa msaada wa bahari: maji yanapojaa, bahari huusukuma mto ukarudi nyuma na kupanda, na yale maji matamu yaliyo juu huingia mashambani pasipo pampu wala injini. Yakiwa na chumvi, hurudi barazani akaketi. Misimu hii ya karibuni siku za kuketi zimekuwa nyingi.

Nilipokwenda kumuaga nikamwambia nasafiri kwenda Nyeri, alinitazama kama niliyesema nakwenda kuonana na mdeni wake. “Huko ndiko yatokako maji, mwanangu,” akasema. “Waulize wanayafanya nini.”

Safari yenyewe haikuwa ya maji. Nilikwenda kumzuru mama mdogo, ambaye ameolewa Majengo ya Nyeri miaka mingi, na aliyekuwa ameanza kulalamika kwa simu kuwa watu wa Pwani tumemsahau. Nilichukua nazi kumi, mabumunda, na kanga mbili, nikapanda garimoshi la Mombasa hadi Nairobi, nikalala kwa jamaa Eastleigh, na asubuhi nikaingia matatu ya Nyeri. Barabara hupita Thika, ikafika Makutano, kisha Sagana. Hapo Sagana nilimwomba dereva apunguze mwendo darajani. Akadhani nataka kutapika, akanipa mfuko.

Nilitaka tu kuuona mto. Chini ya daraja ulikuwapo, mwembamba, wenye rangi ya chai ya maziwa, ukipiga kelele juu ya mawe. Huyu ndiye Tana angali mtoto, na Sagana ndilo jina lake la utotoni. Huanza katika theluji na misitu ya Mlima Kenya, hupokea nduguze watokao safu ya Aberdare upande wa magharibi, miongoni mwao Gura na Chania, kisha hushuka kuyajaza mabwawa matano ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kabla ya kuanza mwendo mrefu wa nyika kupitia Garissa na Hola hadi kwetu. Jumla yapata kilomita 1,000. (Msomaji asichanganyikiwe: Chania ni mbili. Moja hupita ubavuni mwa mji wa Nyeri, nyingine hupita Thika. Wenyeji hawaoni ajabu yoyote katika jambo hilo.)

Nyeri ni mji wa vilima, na baridi yake huingia mifupani. Mlima wenyewe sikuuona siku tatu za kwanza; ulijifunika mawingu kama bibi harusi asiye na haraka. Mama mdogo alinipokea na jiko la makaa, akaliweka kati yetu kama mgeni wa tatu. Majengo yao, kama Majengo nyingine za miji ya bara, ni mtaa wa watu waliokuja na biashara, jeshi na kazi za watu, wakaoa, wakazaa, wakabaki. Kiswahili chao kina ladha ya Kikuyu, na Kikuyu chao kina ladha ya madrasa. Kusikia adhana ya alfajiri ikipenya ukungu mzito, na huku jogoo wa jirani akishindana nayo, ni jambo ambalo kwangu mimi lilitosha kulipa nauli.

Wageni wengi wa Nyeri hupelekwa kwenye kaburi la Baden-Powell, na husimuliwa habari za Treetops, ile hoteli ya mtini ambako mwaka 1952 binti mfalme wa Uingereza alilala usiku ambao babake alifariki. Habari hizo zimeandikwa za kutosha. Mimi nilimwambia binamu yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, kwamba nataka kuona mabonde.

Siku ya pili, baada ya sala ya Alasiri, maalim wa madrasa alikuja kumjulia hali mama mdogo. Nilimweleza habari ya mjomba na chumvi yake. Alisikiliza, akanywa chai, kisha akaniuliza iwapo nalijua neno hima. Nikasema nalijua kwa mbali. Akanifafanulia kwa utulivu wa mtu aliyezoea kufundisha watoto.

Zama za ujahiliya, akasema, mkubwa wa kabila akiipenda ardhi yenye malisho aliweza kuijitwalia, akawafungia wengine nje. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliipiga marufuku hima ya namna hiyo. Haikubaki hima ila kwa maslahi ya umma, na yeye mwenyewe aliitenga Naqii, karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa jihadi. Baada yake Sayyidna Umar alitenga nyingine, na huyo aliyemweka kuilinda alimpa maagizo ambayo maalim aliyaeleza polepole ili nisikose neno. Mwenye kondoo wachache na mwenye ngamia wachache waruhusiwe kuingia. Matajiri wakubwa, na hapo Sayyidna Umar aliwataja masahaba wawili mashuhuri kwa majina, wazuiwe. Tajiri mifugo yake ikifa anayo mitende na mashamba ya kurudia, ilhali maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa kuomba, na Khalifa hataweza kumwacha.

“Basi ukienda huko mabondeni,” maalim akaniambia, “usiulize kama pamehifadhiwa. Uliza aliyezuiwa ni nani.”

Mukurweini ni upande wa kusini wa kaunti ya Nyeri. Tulikwenda mimi na binamu kwa matatu, kisha kwa bodaboda, kisha kwa miguu. Nchi imekunjwa kunjwa kama shuka iliyokamuliwa. Kila mgongo una barabara na nyumba, kila bonde lina kijito, na baina ya mgongo na kijito kuna mteremko ambao mtu wa Lamu hawezi kuamini kwamba unalimwa. Unalimwa. Juu kuna kahawa na makadamia, katikati mahindi na migomba, chini majani ya napia ya ng’ombe, na pale maji yanapogusa udongo kuna nduma. Hakuna shubiri iliyolala bure. Isipokuwa, hapa na pale kando ya maji, vichaka.

Vichaka hivyo ndivyo vilivyotuleta. Mwaka 1999 ilichapishwa orodha ya maeneo 60 ya Kenya yaliyo muhimu kwa ndege, na miongoni mwake, pamoja na misitu mikubwa na maziwa yenye sifa, liliandikwa jina la mabonde ya Mukurweini. Sababu ni ndege mmoja hasa, zogoyogo wa Hinde, aliyepewa jina la Sidney Langford Hinde, daktari na ofisa wa zama za ukoloni. Haishi popote duniani ila Kenya, na hata Kenya anaishi sehemu chache tu za mashariki na kusini ya mlima. Si ndege wa kuimbiwa mashairi. Ana ukubwa wa kurumbiza hivi, rangi ya majivu na kahawia, macho mekundu, na mabaka meupe ambayo kila mmoja ameyapata kwa mpango wake, hata wataalamu huweza kuwatofautisha mmoja mmoja kama sisi tunavyotofautishana kwa sura. Huishi kwa ukoo: baba, mama, kaka wakubwa na dada, wote wakisaidiana kulea makinda. Na hupiga zogo.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Binamu alinishika mkono tukasimama. Ndani ya kichaka cha lantana, kile chenye maua ya rangi mbili tatu na miiba inayokwaruza, palizuka ugomvi kama wa wanawake waliokosana foleni ya maji, ukatulia, ukazuka tena upande wa pili. Kisha wakatoka watano, wakaruka chini chini kuvuka njia, mmoja mmoja, kama watoto wanaotoroka chuoni.

Hapo pana jambo la kustaajabisha. Lantana si mmea wa nchi hii. Uliletwa kutoka Amerika, ukaenea, na wakulima wanauchukia, nao wana haki. Lakini vichaka vya asili vya kando ya mito vilipofyekwa ili kulimwa, ndege huyu alihamia humo, maana hakuwa na pengine. Anayetaka kumlinda analazimika kusema mema ya magugu.

Mwenye shamba lile alikuwa mzee wa makamo ya mjomba wangu. Nilimwamkia shikamoo, akacheka kidogo, kisha akaitikia marahaba kwa uangalifu, kama mtu anayetoa kabatini sahani ya wageni. Ana ekari moja na nusu, ng’ombe wawili, na miche ya kahawa aliyoirithi kwa babake. Kichaka kile kando ya maji ni chake, upana wake kama hatua ishirini. Nilimuuliza kwa nini hajakifyeka.

“Mama, wenye kutazama ndege huja hapa,” akasema. “Wanapiga picha. Wananiambia nisikate. Mimi nawauliza, karo ya mtoto nitamwambia ndege alipe? Wanacheka. Halafu wanaenda.”

Lakini hakukata. Nilipomdadisi zaidi alieleza kwamba zamani babake alikuwa amepanda mikaratusi pale chini, safu mbili, na kwamba chemchemi iliyokuwa pembeni ilikauka. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, alipoamuru mikaratusi ya kando ya mito ing’olewe kote nchini, majirani wengi walinung’unika, naye pia. Mikaratusi ni mbao, ni nguzo, ni akiba ya siku ya msiba. Alikata akiwa na hasira. Baada ya misimu miwili, akasema, nyasi za pale zilianza kuwa na unyevunyevu wakati wa kiangazi. Alitupeleka tukaona. Maji yalikuwapo, kiasi cha kujaza bakuli, safi. Sikupima wala sina ujuzi wa kusema kilichoyarudisha. Nimeandika alichosema yeye na nilichokiona mimi.

Sheria ya Kenya huuwekea mto ukingo usioguswa, si chini ya mita 6 na si zaidi ya mita 30 kila upande, kwa kadiri ya upana wa mto. Nilikumbuka kwamba mafakihi wetu nao waliweka harimu ya kisima na ya mto, eneo la pembezoni ambalo hata mwenye kuchimba hawezi kulizuilia watu wala mwingine hawezi kulijengea. Tofauti ni kwamba kwa ekari moja na nusu iliyoteremka hadi majini, hatua chache za ukingo ni mlo wa ng’ombe mmoja. Nduma nyingi tulizoziona siku ile zilikuwa ndani ya hizo mita. Na nduma zile ndizo zilizouzwa Karatina, na mimi mwenyewe nilizila kwa mama mdogo asubuhi, nikasifu.

Nikamuuliza mzee swali nililotoka nalo mjini: je, serikali ikitangaza bonde hili kuwa hifadhi, atafurahi? Alinyamaza kitambo. Akasema babake alimsimulia miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, watu walipohamishwa kwa nguvu wakakusanywa vijijini nyuma ya mahandaki, na mtu akionekana karibu na msitu hupigwa risasi. “Mstari ulichorwa na mtu ambaye hakuwahi kushika jembe hapa,” akasema. “Wakichora mwingine, waje kwanza wakae hapa wiki moja, wabebe maji.”

Sipendi kuandika kana kwamba hifadhi za serikali hazifai kitu, maana kule mlimani ushahidi ni kinyume. Siku ya nne mawingu yalifunguka, tukaenda hadi Naro Moru na Nanyuki, na mlima ukasimama mbele yetu na kilele chake cha mita 5,199. Mlima ule una vyeo vingi kuliko chifu: mbuga ya taifa tangu 1949, hifadhi ya viumbe na mazingira ya UNESCO tangu 1978, urithi wa dunia tangu 1997. Na pamoja na vyeo vyote hivyo, mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipourusha ndege juu ya msitu unaouzunguka, lilikuta magogo, matanuri ya makaa, na mashamba ya bangi ndani ya miti. Mbuga ilikuwa ni kilele. Msitu wenyewe, ambao ndio unaoshika maji, ulikuwa na ulinzi hafifu. Mwaka uliofuata, 2000, msitu huo ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa na kuwekwa chini ya Shirika hilo, na uchunguzi wa miaka michache baadaye ulikuta ukataji haramu umepungua sana. Tangazo moja katika gazeti la serikali, pamoja na askari wa kulisimamia, liliokoa miti ambayo hotuba hazikuiokoa.

Upande wa Aberdare, ambako kuna mbuga tangu 1950, walichagua ua. Ujenzi wa ua wa umeme ulianza 1989 ukakamilika 2009, takriban kilomita 400, na wakulima wengi waliupokea kwa furaha kwa sababu tembo walikuwa wakimaliza viazi vyao usiku mmoja. Na karibu na Timau, tangu 2011, kuna njia ya tembo ipitayo chini ya barabara kuu, ili waende kutoka mlimani hadi msitu wa Ngare Ndare bila kukutana na malori. Miaka miwili baadaye eneo hilo likaingizwa katika urithi wa dunia.

Ila huwezi kuweka ua wa umeme Mukurweini. Huwezi kumtoa mzee yule ukamwacha ndege. Ndege mwenyewe anaishi katika kona ambazo mzee hakuzifikia kwa jembe. Jina la bonde kuwemo katika orodha ya ndege ni heshima, lakini orodha si amri, na haimlipi mtu. Wapo waliojitolea: bustani ya asili ya Wajee, iliyo huko huko Mukurweini, ni mali ya watu binafsi nao wameachia miti isimame. Na tangu 2015 upo mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambao msingi wake ni rahisi kueleza: anayekunywa chini amsaidie anayelima juu. Fedha zikusanywazo huwapa wakulima miche, mafunzo, vidimbwi vya kuvuna mvua, na safu za napia za kuzuia udongo usiteremke mitoni, na miongoni mwa maeneo yake ni lile la Sagana na Gura. Nadhani huo ndio mlango unaokaribia kufaa. Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni katika jina: Tana ya Juu na Nairobi. Mto hauishii Nairobi, wala haupiti huko.

Maana sisi nasi tuna cheti chetu. Mwaka 2012 delta ya Tana, hekta 163,600, iliandikwa chini ya mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Basi mto huu umehifadhiwa kichwani kwa mbuga na mdomoni kwa mkataba, na shingo yake, pale mito midogo inapokusanyika kabla ya mabwawa, imeachiwa sheria ya ukingo na hiari ya watu wenye ekari moja na nusu. Chumvi ya Ozi ina sababu zaidi ya moja, wala sitamtupia mzee wa Mukurweini deni la mjomba wangu. Lakini lau ningeombwa kutia sahihi tangazo la kulihifadhi bonde lile, ningetaka liandikwe ndani yake kwamba mwenye ng’ombe wawili atalipwa kwa ukingo alioachia, kila mwaka, na kwamba wa kwanza kuzuiwa atakuwa yule mwenye pampu kubwa.

Kabla ya kuondoka nilipita Tetu, upande wa Ihithe, alikozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940. Alisimulia maishani mwake jinsi mamake alivyomkataza kuokota kuni chini ya mugumo mmoja, kwa kuwa ni mti wa Mungu, na jinsi alivyorudi miaka baadaye akaukuta umekatwa na kijito chake kimekauka. Kwa sisi tunaoyajua makaya ya Mijikenda, habari hiyo haihitaji mkalimani. Chama chake cha Green Belt, alichokianzisha 1977, kilikuwa kimepanda miti zaidi ya milioni 30 alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 2004. Mvua ilinyesha tukiwa njiani, mvua ya Novemba, nzito, na mitaro ya barabara ikageuka mito myekundu. Binamu alisimamisha gari tukaangalia udongo wa watu ukishuka.

Mama mdogo alinifungia nduma, parachichi, na mfuko wa kahawa ambayo najua mjomba hataigusa. Nilipofika Mombasa nilimpigia simu. Hakuniuliza habari za mlima wala za baridi.

“Umewauliza?”

Nikamwambia nimemwuliza mmoja, naye ana kichaka na ndege na chemchemi ya kujaza bakuli.

“Na mvua? Huko imenyesha?”

“Imenyesha, mjomba. Sana.”

“Haya,” akasema. “Basi kesho nitaonja.”